Anza na kanda, kamera baadaye: namna ya kutengeneza filamu ya makala ya mwigizaji mkongwe

Tarehe 8 Agosti 2018, alipofariki Amri Athuman, yule tuliyemzoea kama King Majuto, nilikuwa Tanga kwenye kastudio kangu ka kushuti harusi. Simu ziliingia moja baada ya nyingine: "Dada, una chochote cha mzee?" Nilikuwa na klipu mbili za simu, sekunde ishirini ishirini, na moja kidole changu kimeziba nusu ya picha. Mtu amezaliwa Tanga hii hii, amechekesha nchi nzima, nami mwenye kamera tatu kabatini nina sekunde 40.

Mwaka uliofuata nikaanza kumfuata mzee mwingine. Hapa nitamwita Mzee tu, maana ndivyo nilivyomwita miaka miwili mfululizo. Kama umetazama bongo muvi za zama za kanda na DVD, sura yake unaijua hata kama jina hulijui: mlinzi wa geti, mganga wa kienyeji, baba mkwe anayetaja mahari ya kuua. Filamu niliyomtengenezea ina dakika 38. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kukosea, nakuandikia wewe mwenye mzee wako mtaani unayesema kila mwaka "iko siku nitamrekodi".

Wiki sita za kwanza usiguse kamera. Nunua kaunta buku. Kila ukurasa uwe filamu moja: jina, mwaka, jina la mhusika wake, nani aliongoza, nani alisambaza, nakala iko kwa nani, na hali ya nakala hiyo. Mzee wangu aliniambia ameigiza filamu zaidi ya mia. Kwa majina alikumbuka 19. Nilipofunga daftari nilikuwa na 43 nilizoziona kwa macho yangu, na hapo nimeshaunganisha zile za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ambazo yeye alikuwa akizihesabu mbili. Simlaumu. Zilikuwa zikiuzwa mbili.

Usimuulize majina. Filamu zetu nyingi zilipewa majina ya Kiingereza huku ndani watu wanaongea Kiswahili kitupu, na Mzee hakuwahi kuyashika. Anakumbuka kisa: "ile niliyomfukuza binti usiku wa mvua", "ile ya nyoka kwenye kapu". Basi andika kisa, halafu nenda nacho kwa wanaojua. Mimi nilienda kwa kaka mmoja aliyekuwa akikodisha kanda pale Ngamiani, Barabara ya 12. Nikimsimulia nusu ya kisa ananimalizia, na kava ananichorea hewani. Kava lenyewe usiliamini. Lina sura za mastaa wawili na gari. Mzee hayupo, na kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu mara nyingi ameandikwa vibaya au hakuandikwa kabisa. Itakubidi utazame kila moja mwanzo hadi mwisho. Peleka mbio kwenye zile sini za kuendesha gari, na unajua ninachosema, ila ukifika getini punguza mwendo.

Kanda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapofia.

Utakutana na VHS, MiniDV (zile kanda ndogo za kamera), VCD na DVD, kwa kufuata umri wa mzee wako. Za jukwaani kabla ya hapo usizitegemee sana. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara hatukuwa na kituo hadi 1994. Mwigizaji wa Bara aliyekuwa akizunguka na vikundi vya sanaa miaka ya 1980, vile vya ngoma, sarakasi, kichekesho na muziki katika onyesho moja, alitazamwa na maelfu na hakupigwa picha ya video na mtu yeyote, isipokuwa pale tajiri mmoja alipokuwa na kamera ya begani. Kanda za tajiri huyo ndizo za kutafuta.

VHS ukiipata, usiitumbukize kwenye deki kwa furaha. Inusie kwanza. Harufu ya stoo yenye unyevu maana yake kuvu. Itazame kwenye kidirisha chake: ukiona unga mweupe kando ya utepe, itenge na nyingine, kwa sababu ukiicheza hivyo kuvu itahamia kwenye vichwa vya deki na deki itaiambukiza kanda nzuri itakayofuata. Kwetu pwani hili si jambo la nadra. Kanda kama hiyo isafishwe na anayejua, kwenye deki ya kufia kazi. Kanda iliyo safi ila imelala miaka mingi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo kabla ya kuitazama, ili utepe ulioshikana uachane taratibu. Vichwa vya deki visafishwe kwa alkoholi ya isopropili iliyo karibu na asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Pamba za masikio hapana, zinanasa. Tena kabla ya yote, vunja kile kibao kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda. Kikishavunjika, hakuna mtu anayeweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kile kibao nitakirudia.

Kuhamisha: deki, nyaya za njano, nyeupe na nyekundu, kifaa cha kunasia cha USB, kompyuta. Hakikisha programu imewekwa PAL, mfumo wa video wa kwetu, picha 25 kwa sekunde, 720 kwa 576. Nyingi zinakuja zimewekwa NTSC, mfumo wa Marekani, na ukisahau utapata picha inayorukaruka au isiyo na rangi, uishie kulaumu kanda. Usinase moja kwa moja kuwa MP4 nyembamba ya kutumiana kwenye simu. Nasa kubwa, punguza baadaye. MiniDV yenyewe inataka kamera yake na waya wa FireWire, na saa moja inakula takribani GB 13, kwa hiyo nunua diski kubwa kabla hujaanza. VCD ina picha ya 352 kwa 288 tu. Ukiivuta ijaze kioo kizima utapata uji. Mimi niliziweka ndogo katikati ya kioo, pembeni nikaacha weusi, na hakuna aliyelalamika.

Nakala tatu. Mbili kwenye diski tofauti, moja ilale nyumba nyingine. Dada yangu anaishi Pongwe, ana diski yangu kwenye kabati la vyombo.

Na hili ulishike: acha kanda icheze mpaka mwisho wa utepe. Kipindi kikiisha, picha ikawa mchele mtupu, usizime. Nenda kapike, ukirudi utazame mbele mbele.

Karatasi

Mwigizaji wetu wa zama hizo alilipwa mara moja, mkononi, siku ya kushuti au wiki ya baadaye. Filamu si yake. Mara nyingi si ya prodyuza pia, kwa sababu prodyuza aliuza kazi jumla kwa msambazaji, akapokea fedha, akaenda kushuti nyingine. Mimi niliandikiwa ruhusa na prodyuza watatu kabla mmoja hajaniambia kwa upole, "Lakini mdogo wangu, ile niliiuza." Miezi miwili imeenda.

Kwa hiyo anza kwa swali moja: masta, yaani nakala mama, ipo kwa nani na mkataba ulisemaje? Halafu andika barua fupi yenye mambo haya: jina la filamu, sekunde unazotaka kuanzia wapi hadi wapi, utazionyesha wapi, kwa muda gani, na utalipa nini. Watu wanakataa barua isiyo na sekunde. Ukiandika "naomba kutumia baadhi ya vipande" wanaona unataka filamu nzima. Mmoja aliyenizungusha sana alilainika nilipomwandikia "sekunde 14".

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inaruhusu kunukuu kidogo kwa haki huku ukitaja chanzo, lakini usijenge nyumba nzima juu ya tofali hilo. Filamu ya 2003 kwako ni ya zamani, kwa sheria bado mbichi. Na wimbo unaosikika ndani ya sini una mwenyewe mwingine. Kibali cha kushuti ni cha Bodi ya Filamu, na kazi ikiisha hurudi huko kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Panga siku zake kwenye ratiba, usije ukatangaza onyesho huku faili liko mezani kwa mtu.

Karatasi ya mwisho ni ya Mzee mwenyewe. Msomee kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kwake. Mimi nilimlipa kwa kila siku ya kushuti, na nikaandika fungu lake endapo filamu itauzwa. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akasema, "Huu ndio mkataba wangu wa pili maishani." Nikamuuliza wa kwanza ulikuwa upi. "Wa ndoa."

Kumkalisha

Usiulize "Mzee, ulianzaje sanaa?" Ameshaulizwa hilo redioni mara mia, na jibu lake limelainika kama ngazi ya msikiti. Atalitoa lote, dakika saba, na utabaki na kitu ambacho kila mtu anacho.

Nilichogundua, na nilikigundua siku ya tatu baada ya kupoteza siku mbili, ni kwamba kazi ya mwigizaji imekaa mwilini kuliko mdomoni. Mwekee kipande chake kwenye kompyuta, sauti umeizima. Usimuulize chochote. Kamera moja iwe usoni pake, nyingine kwenye mikono. Mzee aliposhuhudia ile sini ya kumfukuza binti, vidole vyake vya kulia vilianza kujikunja juu ya goti. Alikuwa ameshika fimbo ambayo haipo. Ndipo nikauliza, "Ile fimbo ilikuwa ya nani?" Akaniambia ilikuwa ya baba yake mzazi, aliibeba kwenye basi kutoka Tanga kila alipoitwa Dar, kwa sababu fimbo za lokesheni zilikuwa nyepesi na "mkono unajua uongo". Dakika ishirini kuhusu fimbo, na ndani yake mkawa na baba, umaskini, basi la usiku, na namna alivyokuwa akijiandaa bila skripti.

Kwa hiyo uliza vitu. Viatu ulivaa vya nani? Chakula cha lokesheni kilikuwa nini? Nani alikupaka ule unga wa mganga? Kisha mwambie akuonyeshe. "Mzee, hebu ingia mlangoni kama mlinzi. Sasa ingia kama baba mkwe." Ukimwona anainuka kwenye kiti usimkatize kurekebisha taa.

Mambo madogo ya siku yenyewe. Shuti asubuhi baada ya chai; baada ya chakula cha mchana mzee ni wa usingizi. Dakika 50 zinatosha, mara nne au tano kwa siku tofauti. Panga ukijua adhana ya adhuhuri itaingia, simamisheni, akaswali, mrudi. Feni izimwe, friji izimwe. Kwenye friji huwa naacha kiatu changu kimoja juu yake, kwa sababu siku ya kwanza nilisahau kuliwasha, na mkewe Mzee alinikumbusha samaki wale kwa mwezi mzima. Kunguru wa Tanga huwezi kuwazima, basi rekodi dakika mbili za kunguru peke yao, zitakusaidia kuziba viraka vya sauti. Akivaa miwani, inamisha kioo cha kompyuta kidogo ili kisionekane ndani yake. Na mpigie shikamoo kabla ya kumwekea maiki kifuani; fundi wangu wa sauti alianza na maiki, asubuhi nzima ikawa baridi.

Mashahidi wengine watatu wanatosha. Staa mkubwa atakwambia "alikuwa kama baba yangu" na utaikata. Mimi aliyenipa dhahabu alikuwa mama wa mavazi, aliyekumbuka kwamba Mzee alikuwa akiomba sare ya mlinzi ifuliwe lakini isipigwe pasi.

Kukata

Usianze na kuzaliwa. Nilianza hivyo, nikamwonyesha mdogo wangu, akachukua simu yake dakika ya nne.

Ule mkato ulikuja kuokolewa na daftari. Nilipopitia safu ya wahusika niliona neno "mlinzi" mara 11. Mzee alifungua geti katika filamu 11. Nikazitoa sini zote 11 nikazipanga kwa miaka, geti baada ya geti, bila maneno. Kwanza picha ya VHS imefifia na gari linaloingia ni Toyota Mark II, kisha Noah, kisha magari makubwa meusi ya kukodi. Mageti yanazidi kuwa marefu. Nywele zinazidi kuwa nyeupe. Anayeingia ndani ya gari anazidi kuwa kijana, na kuna mahali, kama geti la saba, anaacha kumsalimia Mzee. Sikuongeza msimulizi. Wimbi lote lile la bongo muvi, ambalo wengi huhesabu lilianza kushika kasi na filamu "Girlfriend" ya mwongozaji George Tyson mwaka 2003, likapita wima mbele ya mtu mmoja aliyeshika komeo.

Tafuta geti la mzee wako. Inaweza kuwa kifo: kuna waigizaji wamekufa mara thelathini. Inaweza kuwa kilio, au kikombe cha chai. Ukishalipata, ndilo liwe uti wa mgongo, mengine yaning'inie hapo. Usijaze muda kwa ajili ya televisheni. Yangu ilikuwa dakika 52 kwa sababu nilisikia ndicho kipimo chao. Nikaondoa sifa zote, ikabaki 38.

Ukimaliza mkato wa kwanza, mwenyewe autazame kabla ya mtu mwingine yeyote, kwake, na watoto wake wakiwepo. Mzee alitazama kimya, akaomba jambo moja litoke, linalomhusu marehemu rafiki yake. Nilikuwa nalipenda. Nilikitoa kipande kile siku ileile.

Kile kibao

Mwaka 1997 nilikuwa binti wa kubeba nyaya kwenye studio ya mjomba. Tulinunua kanda za mtumba kutoka duka la kukodisha video lililokuwa likifungwa, tukawa tunapigia kopi za harusi juu yake. Moja ilikuwa na karatasi imeandikwa kwa peni ya buluu: "Igizo – Mkwakwani". Kibao chake kilikuwa hakijavunjwa. Nilibandua karatasi kwa ukucha, mjomba akapiga harusi.

Siku ya nne ya mahojiano, Mzee akanisimulia onyesho la uwanja wa Mkwakwani, kikundi chake, bwana mmoja na kamera ya begani. "Ile kanda ingekuwepo," akasema, "ungeniona nina meno yote." Sikumwambia kitu siku ile; nilirudi nyumbani nikaliwaza usiku kucha. Kesho yake nilimweleza. Akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni. "Harusi ya nani?" akauliza. Nilimkumbuka bibi harusi. Anaishi Barabara ya 9, ana wajukuu, na kanda anayo, imefungwa kwa leso kwenye sanduku.

Harusi ilikuwa na saa mbili na dakika 52. Kanda ni ya saa tatu. Wali umeliwa, maharusi wameingia garini, mchele kwenye kioo, halafu mkunjo wa picha, halafu jukwaa. Nilimpigia Mzee simu aje, nikamwekea. Dakika saba na sekunde kadhaa. Watu wanacheka, sauti imejaa upepo, mwigizaji mnene yuko katikati anaongea na mti.

"Ni wewe huyo?" nikauliza.

"Huyo ni marehemu mwenzangu." Akasogea akaweka kidole kwenye pembe ya kioo, chini kushoto. "Mimi ni huu mguu."

Ni mguu kweli, na nusu ya suruali, unasubiri zamu yake ya kuingia. Unagonga chini taratibu, mara tatu, unatulia, mara tatu tena. Nikamtazama Mzee chini ya meza, na mguu wake wa kulia ulikuwa unafanya vilevile.

Filamu inaishia na mguu ule, sekunde 9, kisha jina lake kamili limeandikwa sawasawa. Mara ya kwanza tuliionyesha kwenye kibanda umiza cha jirani yake, kiingilio shilingi 500, viti vya mbao, Mzee mbele amevaa kanzu. Mguu ulipogonga watu walipiga kelele kama goli. Taa zilipowaka, kijana wa mlangoni alinifuata akaniuliza sehemu ya pili inatoka lini.